Upotevu au upotovu wa pakiti?

SWALI: Msomaji wa Mikindani, Mtwara, anaandaa kipeperushi cha kuwaelekeza viongozi wa vyama vya msingi vya korosho namna ya kufanya vikao kwa simu ya video. Ameandika hivi: "Mtandao unapokatika, programu husahihisha upotovu wa pakiti na kuzirudisha." Mwenzake amefuta "upotovu" akaweka "upotevu". Anauliza nani yuko sahihi, na kama "kusahihisha" na "kurudisha" yanafaa hapo.

JIBU: Mwenzako yuko sahihi, ndugu, na irabu hiyo moja ina uzito kuliko inavyoonekana.

Upotevu unatokana na kupotea, upotovu unatokana na kupotoka. Kilichopotea hakipo. Kilichopotoka kipo, ila kimekwenda kombo. Ndiyo maana tunasema upotevu wa fedha za chama lakini upotovu wa maadili. Najua mpaka huu huvukwa, na mahubiri yamechangia, kwa kuwa mwana mpotevu alikuwa amepotea na kupotoka kwa pamoja. Katika maandishi ya ufundi, hata hivyo, naomba tuulinde kwa nguvu zote, kwa sababu wahandisi wa mawasiliano wana mpaka huohuo na hesabu zao zinautegemea.

Chukua karani wa chama huko Newala anayempigia simu mwendesha ghala kumsomea uzito wa magunia matatu ya korosho: kilo 78, 80 na 81. Mwishoni anamtajia jumla, 239. Simu ikikwaruza na uzito wa gunia la pili usisikike kabisa, mwendesha ghala atatoa 78 na 81 kwenye 239, atapata 80, na karani hana haja ya kurudia. Huo ni upotevu. Sasa tuseme 80 imesikika kama 60. Jumla haitakubali, kwa hiyo atajua kuna kasoro, lakini hatajua iko kwenye gunia lipi. Huo ni upotovu, na jumla moja haitoshi kuuondoa.

Programu za simu za video hutumia njia ya aina hiyo. Sauti na picha hukatwa vipande, yaani pakiti, kila moja ikiwa na namba yake ya mfululizo. Baada ya pakiti kadhaa hutumwa moja ya ziada iliyotengenezwa kwa kuzilinganisha zote biti kwa biti (biti ni tarakimu moja, 0 au 1). Pakiti moja ikikosekana, pengo katika namba huonyesha ni ipi, na ile ya ziada pamoja na zilizofika huizaa upya, biti kwa biti ileile. Zipo njia zenye nguvu zaidi. Msimbo uliobuniwa na Irving Reed na Gustave Solomon mwaka 1960, ambao leo umo hata ndani ya alama za QR tunazopiga picha kwa simu, unaonyesha wazi thamani ya mpaka wetu: ukiongeza vipande 10 vya ziada, unaweza kurejesha vipande 10 vilivyopotea, lakini ukiwa na vilivyoharibika bila kujulikana viko wapi, unaweza kurekebisha 5 tu. Kujua palipo na pengo ni nusu ya kazi. Na kwenye intaneti, kwa kawaida pakiti ikifika na kukutwa imeharibika hutupwa, hivyo upotovu hugeuzwa upotevu kabla programu yako haijauona. Kipeperushi chako kinahusu upotevu.

Kuhusu kusahihisha: somo lenyewe la kuokoa taarifa zinazopotea au kuharibika njiani huitwa usahihishaji wa makosa, na jina hilo lina haki yake. Mwanahisabati wa Marekani Richard Hamming, katika makala yake ya mwaka 1950, alishughulikia biti zilizogeuka, 0 ikawa 1 au 1 ikawa 0. Biti ya namna hiyo ipo na si sahihi, basi inasahihishwa. Liache jina hilo kwa somo zima. Lakini pakiti ambayo haikufika utaisahihishaje? Mwalimu hasahihishi daftari ambalo halikukusanywa.

Kurudisha nako kunapotosha. Pakiti iliyopotea njiani hairudi. Faili likipakuliwa, mtumaji huombwa atume nakala nyingine, na hapo neno ni kutuma tena. Kwenye kikao cha moja kwa moja nakala hiyo mara nyingi ingechelewa, sauti ingekuwa imeshapita. Kinachofanyika ni kukokotoa upya. Ukitaka neno pana zaidi, kurejesha kunakubalika, kwa kuwa tumekwisha kulizoea katika kurejesha umeme au kurejesha hali, bila kudai kwamba kitu kimetembea na kurudi.

Wapo wanaopendekeza kufidia. Mimi silikubali hapa. Fidia ni kitu kingine kinachotolewa badala ya kilichokwenda: aliyetwaliwa shamba hulipwa fedha, shamba halipati. Pakiti iliyokokotolewa ni ileile kwa kila biti. Lakini neno hilo tusilitupe. Pakiti ikishindikana kupatikana, programu huziba pengo kwa sauti ya kukisia kutokana na sauti iliyotangulia. Hapo ndipo penye kufidia hasa.

Ningeandika: "Mtandao unapokatikakatika, programu hurejesha baadhi ya pakiti zilizopotea kwa kuzikokotoa upya kutokana na zile zilizofika."

"Baadhi" usiifute, kwa kuwa pakiti moja ya ziada haiwezi kuziba mapengo mawili ya kundi lake. Na nimekurudufia kitenzi kwa makusudi. Mtandao unaokatikakatika unapitisha vingine na kuangusha vingine, na huo ndio unaotibika kwa njia hii. Mtandao uliokatika haupitishi kitu, hivyo hakuna cha kukokotolea. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu na intaneti ikadhoofika Tanzania nzima, pakiti za ziada hazikuwa dawa. Ilibidi meli iende kuunganisha nyaya.