Jibu: Kifaa cha kuvisha betri ili idumu mara nane

Mkuu, umeuliza kuhusu kikoti cha chuma ulichooneshwa Kariakoo, kile cha kuvisha betri ndogo ili eti idumu mara nane. Usikinunue. Ahadi ya mara nane si ngeni. Batteriser, kikoti cha aina hiyohiyo cha Marekani, iliitoa mwaka 2015, na mafundi wa umeme wakaipinga kwa vipimo.

Wauzaji wanadai betri ikishuka kidogo chini ya volti 1.5 inatupwa ikiwa bado na nishati nyingi. Si kweli. Rimoti, saa ya ukutani na redio nyingi zinaendelea kufanya kazi hadi karibu volti 1.1, nyingine chini ya hapo, na betri ya alkalaini ikifika huko nishati yake nyingi imeshatumika. Kikoti kinachofanya ni kupandisha volti, na ili kuipandisha kinavuta mkondo mkubwa zaidi kutoka kwenye betri ileile. Sehemu ya nishati inapotea kama joto. Chenyewe pia kinakula umeme hata kifaa kikiwa kimetulia, kwa hiyo kwenye saa ya ukutani unaweza hata kupata hasara.

Tena, kwa kuwa kikoti kinashikilia volti juu hadi mwisho, tochi haitafifia kukuonya, itazima ghafla. Na betri iliyokamuliwa hadi mwisho huvuja kirahisi. Ule unga mweupe kwenye springi ndio unaoua rimoti.

Hela hiyo nunua betri za kuchaji na chaja yake. Ukibaki na za kutupa, chukua alkalaini, na zikichoka kwenye tochi zihamishie kwenye saa, maana saa inavuta umeme kidogo sana.