Jibu: Zombi hawatishi tena mchezaji akishapata bunduki

Habari ndugu. Umesema wachezaji wa gemu ya zombi unayotengeneza huogopa dakika 10 za kwanza, kisha wakiokota bunduki wanafyeka kila zombi na hofu inakwisha. Nami nilikwama papo hapo.

Kabla ya kugusa kitu kingine, hesabu risasi. Zombi mmoja anakufa kwa ngapi, na ghorofa nzima umeacha ngapi? Zikitosha kuwaua wote, mtu hana sababu ya kunyata. Kwangu nilizipunguza zikatosha karibu nusu yao, nikaupeleka mchezo kwenye kibanda cha gemu mtaani Umoja. Vijana waliokuwa wakipiga kelele walinyamaza, wakaanza kubishana kwa kunong'ona wapite mlango upi.

Usiwaongezee zombi uhai, tafadhali. Hilo linachosha tu.

Halafu wape pumziko. Left 4 Dead, gemu ya zombi ya 2008, hufanya hivyo: programu yake hukadiria msongo wa wachezaji, na ukifika kilele hupunguza mashambulizi kwa muda. Kwako chumba kimoja chenye taa kinatosha, ila nyayo zisikike ghorofa ya juu.

Ramani yako sijaiona, kwa hiyo hiyo nusu ijaribu kwanza na watu wasiojua njia.