Bwawa la mawimbi jangwani

SWALI: Asalaam aleikum, Bi Mhariri. Mwanangu yuko California. Aniambia huko La Quinta, jangwani kabisa, palipangwa bwawa la kuchezea mawimbi kwa ubao. Sisi huku Kisauni, Mombasa, kisima chetu kimeingia chumvi, na maji twanunua kwa madumu ya mkokoteni! Hayo yao yangetoka wapi?
– Mama Kisauni

JIBU: Waaleikum salaam, mamangu. Kulijaza ni mara moja. Kazi ni kuliongezea maji kila siku. Jua la jangwa lile ni kali: Salton Sea, ziwa lililo jirani, hupoteza kina cha karibu mita 1.8 kwa mwaka kwa mvuke. Na maji yao hutoka ardhini na mto Colorado, unaogawanywa na majimbo 7 na Meksiko. Watetezi wa bwawa husema viwanja vya gofu navyo hunywa maji mengi. Ni kweli, ila kwangu hiyo ni sababu ya kupunguza gofu. Baraza la mji lilikataa mradi 2022, na nimefurahi mno.

Huku kwetu, bomba la chemchemi za Mzima latuletea maji tangu miaka ya 1950, na bado hayatoshi. Hoteli mpya ikipangwa karibu nawe, NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, hupokea maoni ya wananchi. Waandikie, utaje na kisima chenu kilichoingia chumvi.