Pima mtambo kwa muziki mtulivu: kwa wadogo zangu mnaoanza kazi ya saundi Dar

Wadogo zangu mnaoingia kwenye kazi ya kufunga saundi, iwe makanisani, kwenye kumbi za Sinza na Mbezi au sebuleni kwa watu, kila mmoja awe na flashi yake yenye rekodi chache za muziki wa klasiki, na azijue kama anavyoijua sauti ya mama yake. Siwaombi muache singeli wala bongo fleva. Nazungumzia kifaa cha kazi, sawa na tesita na bisibisi.

Nyimbo nyingi tunazopiga mjini zimepikwa studio. Sauti zimebanwa ili wimbo uwe mkubwa mwanzo hadi mwisho, na besi yenyewe imetoka kwenye kompyuta. Ukiipiga ikavuma, huwezi kujua kama mvumo ni wa spika, wa chumba, au ndivyo prodyuza alivyotaka. Okestra haina utata huo. Watu wamekaa kwenye ukumbi, maiki zimetundikwa, fidla ni fidla. Nenda kwenye mazoezi ya kikundi cha taarab, kaa karibu na wapiga fidla, sikiliza bila spika. Siku ukisikia fidla hiyo hiyo inatoka puani kwenye mtambo, utajua aliyekosea ni mtambo.

Rekodi ninayoanza nayo popote ni Das Rheingold, opera ya Wagner, iliyorekodiwa na kampuni ya Decca mwaka 1958 kwenye ukumbi wa Sofiensaal, Vienna. Georg Solti anaongoza okestra ya Vienna Philharmonic, prodyuza ni John Culshaw. Wengi huisifu kwa radi na vyuma vinavyogongwa huko mbele, na kweli vinasisimua. Mimi nataka mwanzo wake. Besi kubwa za okestra, zile fidla kubwa kuliko zote, zinashika noti moja ya chini kabisa, kama Hz 39 (mitetemo 39 kwa sekunde), kwa sauti ndogo, halafu tarumbeta za pembe zinaingia moja baada ya nyingine juu yake. Kwa dakika kadhaa muziki hautoki kwenye kodi hiyo moja, yaani noti zile zile zinazolia pamoja.

Hapo ndipo mtambo mchafu unapojianika. Umeme wetu ni wa Hz 50, na uchafu wake ukiingia kwenye waya za sauti unasikika kama mvumo wa Hz 50 au 100, jirani kabisa na noti ile ya besi. Kwenye wimbo wa kelele hutausikia. Kanisani, mchungaji akinyamaza kidogo kabla ya sala, waumini wote wanausikia. Kwa hiyo fungua volyumu ya kazi, simamisha muziki, weka sikio karibu na spika, kisha ruhusu Rheingold ianze. Kama kuna kitu kinachovuma kabla ya besi na kinaendelea chini yake bila kubadilika, hiyo ni kazi yako ya kwanza. Mixa na amplifaya zipate umeme kutoka soketi moja. Waya za maiki zisilale sambamba na za umeme. Zikikutana, zipishane kwa msalaba. Kagua jeki zilizolegea. Wapo mafundi wanaokata waya wa ethi ili mvumo uishe. Usifanye hivyo kamwe, hata mwenye ukumbi akikuharakisha: mtu atashika maiki ya chuma akiwa peku kwenye sakafu iliyopigwa deki, na atakufa.

Ya pili ni kwa ajili ya sabufa. Also sprach Zarathustra ya Richard Strauss, Fritz Reiner akiongoza okestra ya Chicago Symphony, ilirekodiwa na kampuni ya RCA Machi 1954, na ni miongoni mwa rekodi za stirio za mwanzo kabisa. Inaanza na noti ya chini ya kinanda cha mabomba, karibu Hz 33, kisha tarumbeta na ngoma za timpani. Usishangae sabufa ndogo ikishindwa. Nyingi zinazouzwa Kariakoo zinapiga kwa nguvu kuanzia Hz 50 au 60 kwenda juu, na mteja anaita hiyo besi. Mweleze kwa upole, msikilizishe.

Kabla ya kulaumu sabufa, tembea chumbani noti ikiwa inaendelea. Wimbi la Hz 33 lina urefu wa zaidi ya mita 10, na sebule zetu za vigae, kuta tupu na dari ya jipsamu zinalirudisha kwa wingi. Utafika mahali besi inakuziba masikio, usogee hatua mbili ukute imepotea. Toa sabufa kwenye kona, isogeze kidogo kidogo, rudi ukae kwenye kochi la mwenye nyumba usikilize tena. Zulia na pazia nzito havitaigusa besi hiyo, ila vitatuliza makali ya juu, jambo ambalo sebule ya vigae inalihitaji sana.

Sauti za watu napimia Miserere ya Allegri, rekodi ya kwaya ya Tallis Scholars ya mwaka 1980, iliyofanyika kwenye kanisa dogo la Merton College, Oxford. Hakuna ala hata moja. Kuna kwaya mbele, na kikundi kidogo cha waimbaji kimewekwa mbali, na humo kuna sauti ya mwanamke inayopanda juu sana. Mtambo mzuri unakufanya usikie kwamba wale wako mbali: mwangwi wao unawazunguka na umbali unaupima kwa sikio. Mtambo mbovu unawaleta wote kwenye mstari mmoja, wale wa nyuma wakiwa wamepunguzwa volyumu tu. Nami naipenda rekodi hii kuliko zote kwenye flashi yangu. Ukizoea kuisikia, utajua haraka pale kwaya ya usharika inapoimba Haleluya ya Handel na maneno yanamezwa na mwangwi wa jengo.

Rekodi hiyo hiyo inakamata waya zilizogeuzwa. Spika moja ikifungwa nyekundu kwenye nyeusi, sauti haina mahali pa kusimama na chini inakuwa nyepesi. Fanyeni zoezi hili kwa makusudi nyumbani: zima mtambo, geuza waya za spika moja, washa, sikiliza, zima, rudisha, sikiliza. Masikio yakishalijua hilo kosa, hutalipita ukumbini. Ukitaka kitu kimoja tu katikati ya spika mbili, tumia chelo ya Janos Starker akipiga Bach, rekodi za kampuni ya Mercury za miaka ya 1960.

Kupima kama mtambo unatoa sauti ndogo ndogo, tumia mpiga piano Glenn Gould, Goldberg Variations za Bach, ile ya 1981: alikuwa na tabia ya kuguna wimbo huku akipiga piano. Zima feni na friji, halafu sikiliza kama mguno huo unausikia.

Mafaili: yawe FLAC (aina ya faili isiyopunguza sauti) au yametolewa moja kwa moja kwenye CD, ambayo ni biti 16 na sampuli 44,100 kwa sekunde. Faili ya MP3 ndogo iliyopita kwenye simu tatu haifai kupimia chochote. Usitumie bluetooth, tumia waya. Na zima ikwalaiza ya simu.

Tahadhari kubwa niliyobakiza ni 1812, muziki wa okestra wa Tchaikovsky, rekodi ya kampuni ya Telarc ya Erich Kunzel na okestra ya Cincinnati Symphony, ya mwaka 1978. Mizinga iliyomo ni mizinga ya kivita ya kweli, na jalada lenyewe lilionya watu kuhusu spika zao. Inaanza polepole, kama wimbo wa kanisani, nawe unashawishika kuongeza volyumu. Usiongeze. Ruka kwanza hadi kwenye mizinga volyumu ikiwa chini, panda taratibu huku umeshika kitasa, na amplifaya ikianza kuwasha taa nyekundu simama hapo. Hicho ndicho kipimo cha juu cha mtambo ule; kiandike kwa kalamu kwenye tepu nyeupe, ubandike pembeni ya kitasa.

Baada ya hapo mpe mteja nafasi apige wimbo wake. Atasema, "Kaka, mbona besi kidogo?" Mwongezee, ni pesa yake, ila weka alama pale kitasa kilipokuwa, ili wiki ijayo akipiga simu kwamba spika zinakwaruza ujue pa kurudi.