Kigong'ota mwenye kofia nyekundu

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Naishi kusini mwa Uingereza. Juni hii alikuja bustanini kigong'ota mweusi na mweupe, utosi mwekundu, akadonoa shahamu niliyowatundikia ndege. Programu ya simu inasema ni kigong'ota wa kati. Jirani anashikilia ni yule mdogo, adimu. Picha nimeambatisha. Nani mkweli?

JIBU: Marahaba. Wote wamekosea. Huyo ni kinda wa kigong'ota mkubwa, Dendrocopos major, na kila Juni hunijia picha za namna hii mpaka nachoka.

Tatizo ni huu wekundu. Watu wakiuona hawatazami tena kitu kingine. Dume mkubwa aliyekomaa ana baka jekundu kisogoni. Jike kichwani hana hata chembe. Makinda wao, wa kike kwa wa kiume, hutoka tunduni na kofia nyekundu utosini, na kabla majira ya baridi hayajaingia wameshabadilisha manyoya, kofia imekuwa nyeusi. Wewe umemkuta katikati ya miezi hiyo michache.

Wa kati haishi Uingereza, ni ndege wa ng'ambo, bara la Ulaya. Programu ingeuliza kwanza picha imepigwa wapi! Huyo mdogo naye ni wa kimo cha shomoro, sentimita 15 hivi, mgongo una mistari myeupe ya kukingama kama vidato vya ngazi, na chini ya mkia hana wekundu wowote. Wako ana mabaka mawili meupe mabegani na waridi chini ya mkia. Tazama na shavu: mstari mweusi unaanzia mdomoni hadi kisogoni, na kofia imezungushiwa ukingo mweusi. Wa kati hana ukingo huo, na mstari wake haufiki mdomoni.

Hao mabingwa wa magrupu ya simu wanaojibu kwa sekunde tatu, "mwekundu, basi dume", wanaharibu kumbukumbu hata kwetu Afrika Mashariki. Kinda wa Dendropicos fuscescens, yule kigong'ota wetu wa maporini na mashambani, naye ana wekundu utosini awe jike au dume. Majike wangapi wameandikwa madume daftarini kwa sababu hiyo!

Akirudi, mpige picha ya ubavu, shavu lionekane mpaka kisogoni. Ya utosi peke yake usinitumie.