Magofu ya Kilwa yapigwe saruji?

SWALI: Wahariri mambo, hivi yale magofu ya Kilwa Kisiwani si wayapige tu saruji yaishe, maana bahari inazidi kuyala?

JIBU: Aah ndugu yangu, hapo ndo utayaua kabisa. Zile kuta ni matumbawe na chokaa, zinapumua, sasa ukizibandika saruji unyevu na chumvi vinabaki humohumo ndani, plasta inabanduka na jiwe linamung'unyika kama biskuti. Ndo maana mafundi wanarudia chokaa ileile. Ila chokaa haizuii mawimbi, hapo unataka mikoko na kuta za ufukweni, hasa pale Gereza, ile ngome ya zamani iliyo kando ya bahari. UNESCO waliyatia magofu haya kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini 2004 wakayatoa 2014, ila bahari bado inapanda, kwahiyo ukarabati hauishi.