Nishafomati mara mbili, mbona kioo bado chageuka bluu?

SWALI: Assalam aleikum fundi. Mimi ni dada wa Kisauni, kazi yangu kuediti video za harusi. Nina laptopu yenye grafiksi mbili, ya Intel na ya Nvidia, niliinunua ishatumika, zile za ex-UK, na sasa yaenda mwaka wa tatu. Tangu mwezi wa pili nikiwa natoa video, yaani kuigeuza iwe faili moja la kukabidhi, kioo chawa cheusi sekunde mbili tatu alafu charudi, nikidhani yamekwisha chageuka bluu na kuandika VIDEO_TDR_FAILURE na chini yake nvlddmkm.sys, inajirestati yenyewe na kazi yote imepotea. Nikapeleka kwa fundi mjini akafomati kwa shilingi 1,500, ikawa sawa siku nne tano, ikarudia. Akafomati tena, yakawa yale yale. Fundi mwengine aniambia chipu ya grafiksi imekufa, bodi lazima iokwe, ataka 6,000. Mamangu asema niiuze tu nipumzike. Mimi hufanya kazi usiku baada ya isha, nikiwa kitandani, maana ndio wakati watoto wamelala, na Jumamosi nina harusi ya kukabidhi. Nifanyeje kakangu?

JIBU: Waaleikum salaam dadangu, na pole sana. Video ya harusi si kitu cha kupiga upya, kwa hivyo kabla ya lolote kopi klipu zote kwa hadidiski ya nje, leo hii, na zile kadi za kamera usizifute mpaka mwenye harusi awe ameshika video yake mkononi.

Sasa tuusome huo ujumbe wa bluu, maana una habari nyingi na naona hakuna aliyekaa akakusomea. Hio nvlddmkm.sys ni draiva ya Nvidia, yaani programu ambayo Windows yatumia kuongea na grafiksi. Ingekuwa tatizo liko kwa draiva ya Intel mara nyingi ungeona igdkmd64.sys, na wenye AMD huona amdkmdag.sys. Na TDR ni ulinzi ambao Windows inao tangu enzi za Vista: Windows yaipa grafiksi kazi, yangoja jibu, zikipita sekunde 2 kimya basi yahesabu grafiksi imekwama na yajaribu kuiamsha upya. Ndio kile kioo kuwa cheusi na kurudi. Ikiamka waendelea na kazi yako, ikikataa kuamka, ama ikikwama zaidi ya mara 5 ndani ya sekunde 60, hapo ndipo Windows yakata tamaa na waiona bluu. Kwa hivyo ujumbe wakwambia ni nani amenyamaza, ila haukwambii kwa nini amenyamaza, na hio "kwa nini" ndio tunaitafuta: draiva mbovu, joto, ama kweli chipu yenyewe.

Zile siku nne tano za raha baada ya kufomati ndizo zilizonifikirisha. Baada ya kufomati Windows huanza na draiva ya kawaida tu, alafu ukishaunga intaneti yenyewe kimya kimya yashusha draiva ya Nvidia kwa apdeti zake, na huenda ni ile ile inayogombana na laptopu yako. Ama pia yawezekana siku hizo ulikuwa warudisha programu na mafaili tu, hujaipa mzigo wa kutoa video ya saa mbili. Vyovyote iwavyo, kufomati hakukugusa ugonjwa, na usilipe tena mara ya tatu. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika perfmon /rel, itafunguka chati ya siku kwa siku yenye alama nyekundu pale ilipoanguka, na humo humo yaonyesha kila kilichoingizwa na kila apdeti. Angalia siku ya anguko la kwanza na siku iliyotangulia. Ukiona draiva ya Nvidia iliingia jana yake, mshukiwa ushampata.

Lakini dadangu, kitandani! Hapo lazima niseme bila kuzunguka. Laptopu nyingi huvuta hewa kwa matundu ya chini, na godoro layaziba yote, na wewe waipa kazi nzito kuliko zote ikiwa imezibwa pumzi. Ongezea mwezi wenyewe ulioanza, mwezi wa pili, kaskazi, mchana hapa Mombasa ni digrii 32 au 33 na usiku bado wajipepea, na unyevu wetu huu ukichanganyika na vumbi na nyuzi za shuka hugandana baina ya feni na mapezi ya kupozea kama kitambaa. Nimefungua laptopu za watu wa huku karibu na bahari nikatoa kipande kizima kwa kibano, feni yapiga kelele lakini upepo hautoki. Kwa hivyo leo usiku hamia mezani, inua sehemu ya nyuma kwa vitabu viwili, elekeza feni ya nyumba huko, alafu weka HWiNFO, ni ya bure, na uangalie joto la grafiksi wakati watoa video. Ikicheza kwenye sabini na kitu mpaka themanini na kitu ni kawaida kwa mzigo huo, lakini ukiiona yapanda kwenye 90 na zaidi kisha kioo chawa cheusi, jibu umelipata na halihitaji kuoka chochote, yahitaji kusafishwa na kubadilishwa themo pesti, ile dawa ya kijivu juu ya chipu ambayo kwa miaka hukauka ikawa kama chaki. Fundi akipuliza kwa mashine mwambie aishike feni kwa kidole isizunguke, ikizungushwa kwa nguvu ya upepo yaweza kuharibika.

Joto likiwa sawa na bado yaanguka, njoo kwa draiva, na hapa fuata mpangilio maana watu wengi huweka draiva mpya juu ya ya zamani na kuacha mabaki yakipigana. Ingia tovuti ya kampuni iliyotengeneza laptopu yako, tafuta modeli yako haswa, shusha draiva ya grafiksi waliyoiweka wao hata kama ni ya zamani. Shusha pia DDU, ni programu ya bure ya kung'oa draiva na mizizi yake. Zima waifai, washa laptopu kwa sefu modi, ile hali ya Windows kuwaka na vitu vya lazima tu, ng'oa ya Nvidia kwa DDU, na humo ndani kuna sehemu ya kuizuia Windows isijiletee draiva yenyewe, iweke. Restati, weka ile uliyoshusha, ndio uwashe intaneti. Kisha fanya kazi siku mbili tatu bila kubadilisha kitu chengine. Naomba sana usifanye mambo matatu siku moja, itapona na hutajua kilichoiponya, na ikirudia utaanza upya.

YouTube utakuta wanakuambia ubadilishe TdrDelay, ule muda wa Windows kungoja jibu la grafiksi, kwa rejista, daftari la mipangilio ya Windows, iwe sekunde 8 au 10. Si uongo, kuna kazi ndefu halali ambazo huzidi zile 2, lakini kama ni joto utakuwa umeiambia Windows ingoje zaidi mgonjwa akizidiwa.

Kuhusu kuoka bodi, yaani kuipasha moto ili chipu iamke, hapana, tafadhali. Ni kweli kulikuwa na chipu za laptopu zilizokuwa na kasoro, mwaka 2008 Nvidia yenyewe ilitangaza kutenga dola milioni 150 mpaka 200 kwa ajili hio, lakini hizo ni za kizazi kile, si yako. Na hata kwa zile, kuipasha chipu moto huamsha kitu kwa wiki kadhaa kisha hurudi kufa, na moto huo waweza kuyeyusha plastiki za soketi zilizo jirani. 6,000 kwa wiki kadhaa, na hata bado hajapima kama kweli chipu imekufa.

Kipimo chenyewe hiki hapa, cha bure. Nenda Device Manager, izime Nvidia, tumia Intel peke yake siku mbili. Ikianguka hata hivyo basi tumemsingizia Nvidia na tuangalie ramu. Ikitulia kabisa, na draiva ushang'oa, na joto ushapoza, na ukiiwasha Nvidia tu yaanguka, hapo nami nitakubali chipu yaumwa. Na hii ndio njia yako ya Jumamosi pia: kama watumia Premiere, fungua mipangilio ya projekti, pale pa Renderer chagua Software Only, video itatoka polepole, labda usiku kucha, lakini yatumia prosesa badala ya grafiksi. Itoe vipande vipande, nikah pekee, kupamba pekee, kisha uviunge.

Mama mwambie asubiri kidogo. Na ukifika kuiuza, mwambie mnunuzi ukweli wa hali yake.

SWALI: Fundi, niko Likoni. Kioo changu chapotea nikiinamisha kifuniko, nikikiinua chawaka. Nikiunga kwa tivii kwa HDMI picha ni safi. Nimeambiwa grafiksi imeungua.

JIBU: Kaka, grafiksi iliyoungua haiwezi kujua kifuniko kiko pembe gani. Hio ni kebo ya kioo, yapita ndani ya bawaba na hukatika kwa kufunguliwa na kufungwa kila siku, ama soketi yake imeshika kutu kwa hewa ya chumvi. Mwambie fundi aitoe, aisafishe soketi na kuirudisha, ikikataa aweke kebo ya modeli hio hio. Mpaka hapo usikifungefunge kifuniko, ukiivuta kwa nguvu yaweza kufanya shoti na ikachoma taa ya kioo.